Jeupe, Jekundu na Mtani wa Lionja

Walimu wenzangu, kila nikiingia ofisini mnaniuliza yale yale: gari mlilipataje, na kwa nini kwenye buti mna kigoda. Nimechoka kusimulia vipande vipande huku kengele inalia. Leo naandika yote mara moja, asome anayetaka, na asiyetaka aendelee kusahihisha madaftari. Habari za kadi ya gari na sahihi naziruka, maana hazina utamu, hata mume wangu alisinzia siku ile.

Kwanza mjue shida yenyewe. Mama yangu anaishi Chunyu, peke yake, na hataki kuhama. Mvua za mwaka jana alianguka kwenye bodaboda. Nyonga ilipona, hofu haikupona. Tangu siku hiyo hakuvuka uzio wa nyumba yake, hata msiba wa mdogo wake aliulilia nyumbani. Wakati huo jicho lake la kulia lilikuwa limefunikwa kabisa na mtoto wa jicho, na la kushoto lilishaanza. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja hospitalini Nachingwea Alhamisi ya wiki ile tu, jina lake lipo kwenye orodha, na muuguzi alituambia bila kuzunguka kwamba wakiondoka hajui watarudi lini.

Kumbeba haiwezekani. Mume wangu ni mkwe wake, hawezi hata kumshika mkono, na mimi peke yangu simwezi. Isitoshe mwenyewe hataki. Ukimgusia tu anasema, "Nitabebwa siku moja, na watakaonibeba nawajua." Anawasema watani. Kwetu Wamwera mtani ndiye mwenye kazi msibani: ndiye anayechimba, anayebeba, na anayewachekesha wafiwa kwa kumsema marehemu vibaya mbele ya jeneza.

Sasa mume wangu, Baba Salma. Mnamjua, bwana shamba mstaafu, mtu wa vipimo. Miezi minane alikuwa anasomea gari. Kuna aina mbili zinazoshindana, zile gari ndogo ambazo si saluni wala si yale makubwa ya misafara ya viongozi, zimenyanyuka kidogo kama mtu aliyekunja suruali avuke tope. Majina sitayataja, maana mashabiki wake wanagombana kuliko wa mpira. Nitaziita Jeupe na Jekundu, kwa rangi za hayo mawili tuliyokwenda kuyaona. Baba Salma alikuwa na daftari, ukurasa wa kushoto Jeupe, wa kulia Jekundu. Aliandika ukubwa wa injini, unywaji wa mafuta, urefu wa tumbo kutoka chini. Asubuhi akiamka alikuwa wa Jeupe, baada ya alasiri keshahamia Jekundu. Swali langu mimi lilikuwa moja na daftarini halikuwemo: Mama atapanda?

Nachingwea hadi Lionja

Tuliondoka Jumatatu asubuhi kwa bodaboda mbili, yake mbele, yangu nyuma, mimi nimepakata kikapu chenye kuku wawili wa kukaanga na maandazi. Hesabu yetu ilikuwa ya siku moja. Jeupe liko Lionja, Jekundu liko Ruangwa mjini. Tulione la kwanza, tulione la pili, twende Chunyu, turudi. Kwenye daftari ilionekana rahisi sana.

Hatujaenda mbali nikaona bodaboda ya mbele imesimama. Nikadhani pancha. Kumbe Baba Salma amechuchumaa barabarani na rula ya darasani kwangu, anapima kina cha shimo. Akalinganisha na daftari, akatikisa kichwa, akapanda tena. Alifanya hivyo mara nne. Mara ya nne dereva wangu akaniuliza kwa adabu kama mzee anatafuta kitu alichopoteza. Nikamjibu kwamba anatafuta gari. Hakuniuliza tena.

Mvua ikatukuta katikati. Tukajibanza kwenye kibanda cha kuuzia mkaa, watu wanne na pikipiki mbili, na kwa kuwa muda ulikuwa mrefu tukala maandazi yote. Kuku niliwalinda.

Lionja

Mwenye Jeupe anaitwa Mzee Mkwinda, mkulima wa korosho, mrefu, ana sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alitukaribisha vizuri, akatupa maji ya kunawa, halafu akauliza kabila. Baba Salma akasema sisi Wamwera. Yule mzee akaweka kata chini polepole, akasema yeye Mngindo, mtani wetu.

Basi, hapo heshima ikaisha. Alinyoosha mkono akachukua kikapu changu bila kuomba, akafunua, akatoa paja la kuku, akaanza kula. Mtani akichukua chako hukasiriki, kwa hiyo nilimwachia huku roho inaniuma, maana kuku wale nilishawapigia hesabu ya chakula cha jioni. Akawa anatafuna na kuzungumza.

"Gari zuri nimwuzie Mmwera? Hili ni bovu. Gia inateleza kilimani. Likishapata moto halipandi hata kichuguu. Mtasukuma mpaka mkumbuke kwenu."

Tulicheka mpaka machozi. Baba Salma akamjibu kwamba Wangindo wameishi na tembo miaka yote, gari wamelijulia wapi. Mzee akaongeza kwamba Mmwera ukimpa gari ataliwekea ngazi alipande kama mkorosho. Ikawa hivyo mchana kutwa, na kadiri mzee alivyolitukana gari lake, ndivyo Baba Salma alivyozidi kulipenda. Kwetu mtani akikusifia kitu ndipo unaposhtuka. Akiponda, unajua mambo ni salama.

Tukalijaribu. Pale Lionja ni tambarare, Jeupe likateleza barabarani bila kelele, kiti laini, mlango unafunga kwa sauti ya heshima. Mimi nilipima kwa mguu wangu: sakafu yake iko chini, Mama angeingia bila shida. Nikafurahi kweli, nikaanza kumwona amekaa pale mbele na kanga yake mpya. Bodaboda zilishaondoka, na jioni mvua ikarudi, tukalala kwa mzee. Mkewe alitupikia ugali wa muhogo na kisamvu kizito cha karanga, na kuku wangu akaletwa mezani kama mgeni. Kabla ya kulala nilichungulia daftari. Ukurasa wa kushoto Baba Salma alikuwa ameandika: "Mwenye gari mcheshi, mwaminifu." Habari za gia hakuandika hata neno.

Lionja hadi Ruangwa

Mzee Mkwinda akasema atatupeleka Ruangwa mwenyewe, akamwone huyo mshindani wake. Jumanne asubuhi tukaondoka. Tulifika kwenye kivuko kidogo tukakuta maji yamepanda juu ya zege, magari matatu yamesimama, na watu wameshafungua mazungumzo ya siku nzima. Mama mmoja alikuwa anauza muhogo wa kuchoma kwa waliokwama. Alitazama gari letu, akamtazama mzee, akaniuliza kama tunalinunua. Nikamwambia tunafikiria. Akasema, "Fikirieni sana," akaniongezea kipande cha muhogo bure. Nilidhani ni ukarimu. Leo najua ilikuwa pole.

Maji yalishuka karibu na adhuhuri. Tukavuka, tukaanza kupanda kilima, si kikubwa, ng'ombe wangekipanda huku wanakula. Katikati injini ikaanza kunguruma kwa nguvu, na gari likaanza kurudi nyuma.

Baba Salma akaangua kicheko. "Mtani, acha basi. Tumekoma."

"Niache nini?"

"Breki hizo unazokanyaga."

Mzee akainua miguu yote miwili akamwonyesha. Gari likazidi kurudi nyuma, ikabidi aikanyage hiyo breki kwelikweli. Baba Salma hakuamini. Akaomba usukani ashike yeye. Akashika, akakanyaga mafuta, injini ikalia kama mbuzi siku ya sikukuu, Jeupe likakaa palepale. Akajaribu mara ya pili. Mara ya tatu hakucheka. Akazima, matone yanadondoka kutoka kwenye miti.

"Nilikwambieni," mzee akasema taratibu, hata sauti yake ya ng'ambo ya mto hakuitumia. "Nilikwambieni kabla sijamaliza paja la kwanza. Mkacheka."

"Tulidhani utani," nikasema mimi.

"Utani ni kukwambia Mmwera huna akili. Habari ya gia ilikuwa habari ya gia."

Walimu wenzangu, nimefundisha miaka ishirini na sita. Nimewaambia watoto wasikilize kwa makini. Nikashuka nikasukuma. Baba Salma akasukuma kwa upande wa pili, viatu vyake vya ngozi vimezama kwenye tope, daftari amelifunga kiunoni. Vijana waliokuwa wanatoka shamba wakatusaidia, na mzee aliyekaa kwenye usukani akatuhimiza kwa nyimbo za kutusimanga. Hatukuweza kumkasirikia. Alikuwa ametuambia kila kitu.

Ruangwa

Tulifika jioni. Jeupe likaachwa gereji, fundi akalisikiliza akasema gia zishushwe, siku tatu au wiki. Nilihesabu vidole: kesho Jumatano, keshokutwa Alhamisi. Sakafu ile ya chini niliyoipenda ilikuwa imebaki kwa fundi, na Mama hajui hata kama tumeondoka nyumbani.

Jekundu lilikuwa la Leticia, mtumishi wa ofisi fulani aliyepata uhamisho. Kumbe nilimfundisha darasa la nne. Aliponiona alipiga magoti kidogo kama zamani, akaniita Mwalimu kila baada ya maneno matatu, akatuandalia wali na samaki wa kukaanga. Tukamwuliza gari lina tatizo gani. Akasema halina neno, Mwalimu. Akafikiri, akaongeza kwamba labda ni refu kidogo kupanda.

Baba Salma akanivuta pembeni. Moyo wake haukutulia. Mtu asiyelisema gari lake vibaya anaficha nini? Alitoka kwenye hasara ya kuyacheka matusi, sasa akaanza kuogopa sifa. Akaingia chini ya gari na tochi ya simu, saa nzima, wenye nyumba wanajifanya hawamwoni. Akatoka na grisi shavuni na furaha tele: ameona mkwaruzo kwenye bampa ya nyuma. Akauandika. Angalau sasa ukurasa wa kulia ulikuwa na dosari, akalala vizuri.

Asubuhi Leticia akanipa funguo mkononi. "Nenda nalo kwa Bibi, Mwalimu. Mkirudi tutaongea." Tukampitia Mzee Mkwinda gereji. Alisema hana cha kufanya mpaka fundi amalize, na tena kuku wetu hawakumtosha.

Ruangwa hadi Chunyu

Jekundu lilipanda vilima vyote bila kulalamika. Mzee kila tukipanda kimoja alikuwa analigunia, na Baba Salma anamtazama kwenye kioo na kutabasamu. Kwenye matope lilicheza kidogo, likashika njia. Nilianza kuamini kwamba Alhamisi tutaiwahi.

Mama alikuwa barazani, anapepeta mpunga kwa kusikia zaidi kuliko kuona. Tukasalimiana, nikamweleza. Hakubisha. Alijifunga kanga ya pili, akaja, akaweka kiganja kwenye ubavu wa gari akaupapasa mpaka mlangoni. Akanyanyua mguu.

Haukufika. Leticia alikuwa ametuambia, na tulidhani ni adabu tu. Kwa hiyo ukweli tulishaambiwa mara mbili, mara ya kwanza kwa matusi, mara ya pili kwa heshima, na mara zote mbili hatukuusikia.

Akajaribu tena, ameshika mlango. Nikamshika kiuno, akaniondoa. Nikaleta kigoda chake cha jikoni nikakiweka chini ya mlango. Akakigusa kwa mguu, akakitambua, akakasirika.

"Kigoda ni cha kukalia. Mimi si kuku, sipandi kichanjani."

Akarudi barazani akakaa. Akasema jicho moja linatosha kuangalia mlango wa nyumba, na kwamba tusisumbuke, tule kwanza. Baba Salma alifungua daftari, akalitazama, akalifunga. Mimi nilikwenda nyuma ya jiko nikalia. Nilijua si kigoda anachokikataa. Aliogopa kunyanyuka kutoka ardhini, tangu siku ile alipotupwa, na asingelisema hilo mbele ya mkwe hata kwa dawa.

Niliporudi nikaona Mzee Mkwinda hayupo garini. Alikuwa kwenye ukingo wa uzio, amevunja ufito mrefu, anaupurura majani. Akaja nao mpaka barazani. Hakusalimia. Akausimamisha ufito kando ya Mama, akaulinganisha na utosi wake, akakata alama kwa kisu. Kisha akaulaza chini akahesabu hatua.

"Nani huyo?" Mama akauliza.

"Mngindo wa Lionja. Nimesikia kuna mzigo wa kubeba. Nimekuja kupima kabisa, nichimbe leo, kesho nina palizi."

Baba Salma alitazama chini. Mabega ya Mama yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu mwaka jana. Akapapasa, akaukamata ule ufito, akamchapa nao mgongoni, na akamtukana kwa Kimwera matusi ambayo mimi mwalimu siyaandiki. Mzee akazidi.

"Mfupi huyu," akamwambia Baba Salma kwa sauti kubwa. "Shimo dogo tu. Nibebeeni huku miguuni, mimi nashika kichwa." Akafungua mikono akamsogelea.

"Leo hunibebi."

"Nani ataniambia?"

"Nakwambia mimi. Siku yangu haijafika."

Akasimama. Akatembea na ufito wake mpaka kwenye Jekundu, upesi kuliko nilivyomwona kwa mwaka mzima, mzee yuko nyuma yake ameinama, mikono wazi, anampigia kelele ya wachimba kaburi. Kigoda kilikuwa palepale. Mguu mmoja, akashika mlango, mguu wa pili, akakaa. Akavuta mlango mwenyewe ukafunga, mzee amebaki nje. Akajiweka sawa kanga, akapumua kwa nguvu, akasema tufanye haraka kabla huyu Mngindo hajaingia upande mwingine.

Nilikiokota kigoda nikakitia kwenye buti. Baba Salma alichukua kalamu, akafungua ukurasa wa kulia, akaandika kitu kifupi. Usiku nilichungulia. Aliandika: "Amepanda."

Chunyu hadi nyumbani

Yaliyofuata mnayajua. Alhamisi jina la Mama liliitwa, na Jumatatu mlimwona wenyewe hapa shuleni, bandeji imetolewa, ananiambia mbele yenu kwamba nimenenepa. Jekundu tulilinunua. Mkwaruzo wa bampa bado upo, Baba Salma huupangusa kila Ijumaa. Mnaoniuliza kati ya yale mawili lipi bora, mwulizeni yeye, ana daftari, na sasa ameanza kulinganisha matairi. Mimi nitawajibu tu kwamba mbebe kigoda.

Ila nilichotaka kumalizia ni pale Ruangwa, jioni ya Jumatano, tulipomshusha mzee gereji akalale karibu na Jeupe lake lililofunguliwa tumbo. Njia nzima walikuwa wanatukanana, yeye kiti cha nyuma, Mama mbele. Mzee alipofunga mlango, Mama akaomba kioo chake kishushwe. Akatoa mkono nje, akapapasa hewani mpaka mzee akauchukua. Hapo hapakuwa na utani.

"Mngindo," Mama akasema. "Siku yenyewe ikifika, usichelewe."

Mzee aliushika ule mkono muda kidogo. Akatazama gereji, akamtazama Mama.

"Nitachelewa sana," akasema. "Gari langu bovu, halipandi kilima."